Bahasha ya Kumi na Saba

Ukoo wa kina Fred ulikuwa na desturi moja ambayo ingefaa izikwe pamoja na walioianzisha, lakini waliozaliwa baadaye waliishika kama mboni ya jicho. Mke wa ukoo ule akikaa nje ya nyumba kwa ugonjwa na mwezi ukapita, siku ya kurudi haingii jikoni. Mawifi humpeleka nyuma ya nyumba, migombani, wanakozungushia kanga, wakamwogesha kwa maji ya moto toka utosini hadi nyayoni. Akishafutwa na kupakwa mafuta ndipo hukabidhiwa mwiko. Wenyewe husema wanamwondolea ugonjwa. Mimi nasema wanamkagua kama mtu anavyokagua ndama sokoni, na aliyechukia na achukie.

Tusekile alikuwa mke wa ukoo ule. Asubuhi moja, kapu la chai likiwa mgongoni, utumbo wake ulijisokota akaanguka kati ya mistari ya majani. Wachumaji wenzake walimbeba kwenye turubai hadi barabarani. Madaktari walikuta kipande cha utumbo kimekufa, wakakikata, na mdomo wa utumbo uliobaki wakautoa nje kupitia tundu upande wa kushoto wa tumbo. Choo kikawa kinatokea hapo, kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa juu ya ngozi. Aliambiwa ni kwa muda tu, utumbo upumzike, kisha wataurudisha ndani na tundu litafungwa. Huo muda ukawa miezi kumi na moja.

Wifi yake mkubwa, Winfrida, ndiye aliyetoa hukumu. Hakupiga kelele. Alisema tu, akipepeta mchele, kwamba mtu mwenye tundu tumboni hawezi kuwapakulia watu chakula. Siku ya tatu Tusekile alikuwa Bulyaga nyumbani kwa dada yake, na watoto wake wawili wakabaki kwa Winfrida. Fred, mumewe, aliyefanya kazi kiwandani kwenye mashine ya kukausha chai, mwanzoni alikuja kumwona kila Jumapili, baadaye mara moja kwa mwezi. Kila akija aliahidi jambo lile lile.

"Ukifungwa tu, nakuja kukuchukua siku hiyo hiyo."

Dada mtu aliitwa Atupakisye, na alikuwa nesi. Ndiye aliyembadilishia mdogo wake mfuko kila baada ya siku tatu. Kibandiko cha mfuko ule hukatwa tundu katikati, nalo sharti lilingane barabara na mdomo wa utumbo. Likizidi, uchafu unapenya na kuunguza ngozi. Tusekile hakujaliwa mkono wa kukata duara. Basi Atupakisye alikata kwa mkasi mdogo uliopinda ncha, akiwa amepiga magoti mbele ya mdogo wake kitandani, mvua ya Tukuyu ikipiga bati siku nenda siku rudi, nao wakizungumza habari za watoto. Alimpenda sana. Nalisema hilo mapema kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na hilo, na hata sasa sijui nimchukie vipi mtu aliyekosa kwa kupenda.

Jina la hospitali alikofanya kazi silitaji, kwa kuwa hospitali haikukosa. Kulikuwa na daktari wa upasuaji, kijana mpole aitwaye Lusungu, aliyekuwa akitafuta jibu la swali moja. Tundu la tumboni likishamaliza kazi yake na utumbo ukarudishwa ndani, ngozi ifungwe vipi? Njia ya kwanza ni kuvuta kingo mbili zikutane na kuzishona moja kwa moja, kama mtu anavyoshona mdomo wa gunia. Hiyo waliiita mstari. Ya pili ni kupitisha uzi kuzunguka tundu lote na kuuvuta, kama mtu anavyovuta kamba ya kifuko. Tundu husinyaa, lakini haliishi. Hubaki kishimo katikati, cha kupitisha ncha ya kidole, uchafu utokee hapo na nyama iote yenyewe kutoka chini. Hiyo waliiita kifuko.

"Ipi bora, daktari?" wagonjwa waliuliza.

"Ningejua nisingewasumbua," Lusungu alijibu. "Ndiyo maana tunalinganisha."

Ili asipendelee, alitayarisha bahasha zenye namba, kila moja na kadi ndani: MSTARI au KIFUKO. Mgonjwa akishafunguliwa na utumbo ukaungwa, bahasha inayofuata hufunguliwa palepale chumba cha upasuaji, na kadi ndiyo huamua. Wagonjwa wote walielezwa, wakakubali, wakatia saini. Mtunza bahasha, na msafishaji wa vidonda vyote baada ya hapo, alikuwa nesi Atupakisye.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu wagonjwa wawili walilazwa vitanda jirani wasubiri kesho yake. Mmoja alikuwa Tusekile. Wa pili alikuwa Mama Marita wa Kinyala, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mkulima wa ndizi na viazi, ambaye taifodi ilimtoboa utumbo. Bahasha zilikuwa zimefika ya kumi na sita. Tusekile alikuwa wa kwanza kwenye orodha, kwa hiyo ya kumi na saba ilikuwa yake.

Mchana ule Tusekile alimshika dada yake mkono.

"Dada, mimi naomba ule wa mstari."

"Hauombwi, Tuse. Unatoka kwenye bahasha. Ulisaini."

"Nilisaini kwa sababu ulikuwa umesimama pale. Nikitoka na shimo, hata dogo, Winfrida ataliona wakiniogesha. Atawaita wenzake waje wachungulie. Dada, Fred amesubiri mwaka. Hatasubiri shimo liote nyama."

"Ni wiki sita tu, linajaa lenyewe."

"Kwenu hospitali ni wiki sita. Kule nyumbani ni tundu lile lile limerudi."

Atupakisye alitoka wodini. Aliingia stoo ya mashuka, akafunga mlango. Lusungu alikuwa ameagiza bahasha nzito, lakini duka la vifaa vya ofisi pale mjini lilikuwa na zile nyepesi za kaki peke yake. Kwa miezi mingi hakuna aliyewaza kitu. Siku ile Atupakisye alichukua ya kumi na saba, akawasha tochi ya simu, akaibana nyuma ya karatasi. Herufi zilijitokeza nyeusi tii: KIFUKO. Akachukua ya kumi na nane. MSTARI.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa hakuwa mjinga. Vidonda kumi na sita vilikuwa vimepita mikononi mwake. Katika wanane wa mstari, watatu walitunga usaha. Katika wanane wa kifuko, mmoja tu. Daktari alisema idadi ni ndogo mno, isimshawishi mtu. Lakini Atupakisye aliijua harufu ya vile vidonda vitatu, na alijua moyoni mwake ni upande gani angeweka fedha yake kama ingekuwa ni kamari. Alisimama pale katikati ya mashuka akijihesabia upya: watano wa mstari wamepona safi, kwa nini mdogo wangu asiwe wa sita? Akamwona Winfrida amechuchumaa migombani akichungulia tumbo la Tusekile. Hapo hesabu zote zikamtoka kichwani.

Bahasha hakuzigusa tena. Alikwenda kwenye ubao wa orodha ya upasuaji, akafuta majina mawili, akayaandika upya. Mama Marita juu, Tusekile chini.

Lusungu alipopita jioni alisimama. "Si tulipanga Tusekile aanze?"

"Mama Marita ni mtu mzima, daktari. Kukaa na njaa mpaka mchana kutamsumbua. Nimeona atangulie."

"Umefanya vizuri," Lusungu alisema, na nani angepinga? Kwetu mkubwa hutangulizwa mezani, hutangulizwa mlangoni, hutangulizwa hata kwenye foleni ya kisima. Atupakisye alijificha nyuma ya adabu, na adabu ikamsitiri.

Alipomwambia Mama Marita, mzee yule aliinuka kidogo kitandani. "Ndaga fijo, mwanangu," alishukuru kwa Kinyakyusa. "Kyala akubariki. Siku hizi nani anamkumbuka mzee?"

Kesho yake mambo yakaenda kama yalivyoandikwa ubaoni. Mama Marita alitoka na kishimo katikati ya ngozi iliyokunjamana. Tusekile alitoka na mstari mnyoofu wa nyuzi saba. Alipozinduka aliomba kioo, Atupakisye akamshikia. Tusekile alitazama tumbo lake, akacheka huku machozi yakimtiririka masikioni kwa jinsi alivyolala chali.

"Limefungwa," alisema. "Dada, limefungwa kabisa."

Siku zilizofuata kitanda cha Mama Marita ndicho kilichosikitisha. Kila asubuhi shimo lake lilifunuliwa, likasafishwa, likajazwa shashi, naye akauma upindo wa shuka. Alikuwa akitazama kitanda jirani kwa kijicho cha wazi. "Huyu binti ana bahati," alimwambia Atupakisye. "Mimi wameniacha kama mtungi usio na kifuniko." Mstari wa Tusekile ulifutwa tu kwa dawa na kufunikwa.

Siku ya sita, siku ya ruhusa, Atupakisye aliona wekundu pembeni mwa uzi wa tatu. Haukuwa mkubwa. Alibonyeza kwa kidole.

"Hapa panauma?"

"Hapaumi," Tusekile alijibu, ila vidole vyake vya miguu vilikunjika chini ya blanketi. Dada mtu aliviona. Nje Fred alikuwa ameshafika na gari la kuazima, amevaa shati la Jumapili. Atupakisye aliandika kwenye fomu: kidonda safi, kikavu. Akamfungia vidonge vya wiki nzima, akamsihi asiloweshe mshono, akijua fika anakokwenda ni migombani kuloweshwa.

Kule nyumbani vigelegele vilisikika hadi barabarani. Winfrida mwenyewe ndiye aliyemimina maji. Alipitisha kidole juu ya mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, akageukia wenzake, akatamka kwamba mke wao amerudi mzima. Wahenga walishasema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini wifi yule alishadhani. Tusekile akapewa mwiko. Mchana huo aliwapakulia watu kumi na wanne, na mtoto wake mdogo alishika pindo la gauni lake muda wote, hakuliachia hata wakati wa kula. Usiku akampigia dada yake simu akamsimulia yote hayo kwa furaha. Hiyo ndiyo furaha pekee iliyomo humu, na ilikaa siku tatu.

Siku ya nne mshono ulianza kuvimba. Angekuwa mwingine angesema. Tusekile alijifunga kanga mbili, akaendelea kupika. Siku ya tano alisikia harufu, ile aliyoifahamu, akajipaka mafuta ya nazi na kukaa mbali na watu wakati wa kula. Atupakisye alipopiga simu kuuliza hali, alijibiwa ni nzuri. Mdogo wake aliogopa kitu kimoja tu, asije akarudishwa tena Bulyaga, kwa hiyo alikificha kidonda kama mtu anavyoficha mimba ya aibu. Siku ya nane aliangukia jikoni, na mawifi walipomfungua kanga, uzi wa tatu na wa nne ulikuwa umeachia.

Fred alimfikisha hospitali akiwa anaweweseka. Lusungu alimfungua. Chini ya ule mshono uliosifiwa migombani ngozi ilikuwa imefunika bwawa la usaha; usaha ulikuwa umekula tabaka la ndani, na palipoungwa utumbo pameoza na kuvuja. Ilimchukua saa nne kusafisha na kukata. Alipotoka, Atupakisye alikuwa amesimama koridoni na aproni yake.

"Atapona," Lusungu alisema. "Nimelazimika kuutoa utumbo tena nje. Upande wa kulia."

"Mpaka lini?"

Daktari alivua kofia, akaikunja mara mbili. "Sista, sitaki kukudanganya. Nyama ya kushonea haikubaki. Huu ni wa maisha."

"Waliomwogesha, daktari. Walimlowesha." Alilitafuta hilo kama mtu anayezama anavyotafuta unyasi.

"Maji hayakusaidia. Lakini usaha ule ulianzia ndani, ulikuwepo kabla hajatoka hapa. Ulikosa pa kutokea tu. Angepata kifuko pengine ungetoka wenyewe." Akamshika bega. "Pole sana. Ni bahati ya bahasha."

Majuto, wanasema, ni mjukuu. Haya ya Atupakisye hayakungoja kuzaliwa. Alitaka kusema palepale. Mdomo ulifunguka kabisa. Akaona miaka miwili ya kazi ya kijana yule ikimwagika sakafuni, akaona barua ya kufukuzwa kazi, akaona mifuko ya mdogo wake itakayohitaji kununuliwa maisha yote. Akafunga mdomo. Mchana alikaa mezani akajaza fomu ya kumi na nane kwa mkono wake: mstari, umeoza. Ya kumi na saba: kifuko, kinaendelea vizuri.

Fred alikuja mara mbili, mara ya pili akabaki mlangoni mwa wodi. Baada ya hapo alikuja Winfrida, na mfuko mweupe wa mbolea uliojaa nguo za Tusekile, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa vizuri. Hata sidiria zilikunjwa. Alisema watoto hawajambo na wanaendelea na shule, na Fred anawasalimu. Hakukaa.

Kwa hiyo Tusekile akarudi kile chumba cha Bulyaga, kitanda kile kile. Hakulia sana. Kila siku ya tatu Atupakisye alipiga magoti akakata duara, na mdogo wake akamshukuru, na hayo ya kushukuriwa ndiyo yaliyommaliza. "Bila wewe dada ningekuwa wapi?" Jumapili Atupakisye aliimba kwenye kwaya kanisani huku hasikii anachoimba.

Mwezi wa saba, Jumamosi mchana, pikipiki ilisimama nje, imefungwa mkungu wa ndizi nyuma, na Mama Marita akashuka. Alikuwa amenenepa. Alikuwa ameulizia nyumba ya nesi kuanzia stendi. Alisalimu kwa Kinyakyusa kirefu, akaketi, na kabla hata ya kupewa maji akapandisha blauzi.

"Tazama! Tazameni wote wawili!"

Palikuwa na kovu moja dogo, la mviringo, mfano wa kifungo cha koti.

"Wajukuu wananiambia bibi ana vitovu viwili," alisema, akacheka hadi akakohoa. "Nalima, nabeba, nala. Na nimekuja kwa sababu ya huyu. Mwanangu, sikusahau. Nilikuwa wa pili siku ile, jina langu lilikuwa chini, nililiona mwenyewe. Huyu akanitanguliza. Akasema mzee aanze. Watoto wangu wamesema mkungu huu hautoshi, ila ndio ulioiva vizuri."

Atupakisye alikuwa ameshika glasi ya maji. Hakuthubutu kumtazama mdogo wake. Tusekile, aliyekuwa akimenya viazi kwenye mkeka, aliacha kisu kikakaa ndani ya kiazi.

"Jina lako lilikuwa chini, mama?" aliuliza taratibu. "Juu lilikuwa la nani?"

"La kwako, si ndio tulikuwa wawili tu? Nilijua wewe hutachukia, ni dada yako, na una adabu." Mama Marita akashusha blauzi, akamtazama kwa wema. "Na wewe, binti yangu, kile chako kilipona vipi? Maana kile kilikuwa kizuri, mimi nilikionea wivu."

Mvua ilikuwa imeanza. Tusekile alichomoa kisu, akamalizia kiazi, akakitumbukiza kwenye sufuria.

"Kilifungwa vizuri sana, mama," alisema. "Dada alinichagulia kizuri."

Mzee alikula, akanywa chai, akaondoka kabla barabara haijaharibika. Atupakisye alimsindikiza hadi kwenye pikipiki, akarudi, akasimama sebuleni kando ya mkungu ule. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, na Mama Marita alikuwa ameshayasema yote bila kujua.

"Tuse," aliita.

Ilikuwa siku ya tatu, siku ya kubadilisha mfuko. Tusekile alinyanyuka kwenye mkeka, akanawa mikono polepole hadi kwenye viwiko, jinsi alivyofundishwa. Akachukua kikapu cha vifaa rafuni. Akautoa ule mkasi mdogo, akapita mbele ya dada yake pasipo kumgusa, akaingia chumbani, akasukuma mlango.

Atupakisye alipiga magoti nje ya mlango, bila kujua kwa nini amepiga magoti. Aliusikia mkasi ukianza, ukisimama, ukianza tena mahali pengine. Kwa masikio tu alijua duara linaharibika, na ngozi itaungua.

"Nikukatie?" aliuliza.

Mkasi ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kukata.